Jinsi nilivyoiboronga likizo yangu ya Barbados

Nilipomwambia mama kwamba mimi na mume wangu tunajipanga kwenda Barbados, kisiwa kimoja cha Karibi, aliliweka chini sinia la mchele aliokuwa akiuchagua, akanikazia macho. "Mtoto wa Likoni atoka baharini, aenda kutafuta bahari?" Sikuwa na jibu la maana. Nilicheka tu, nikamwambia ni dada ndiye aliyetaka. Na kweli ni dada. Anafanya kazi ya uuguzi Birmingham, alikuwa anatimiza miaka 40, na tangu azaliwe hajawahi kusafiri bila sababu ya kazi, msiba au harusi. Akasema safari hii tukutane mahali ambapo hakuna mtu wa kutuomba pesa.

Mimi nina miaka 12 kwenye mapokezi ya hoteli huku Diani. Nimepokea wageni waliokosea tarehe, waliokuja na mtoto ambaye hawakumtaja, waliolia kaunta kwa sababu bahari imekupwa na wao walitaka kuogelea saa hiyo hiyo. Kwa hiyo dada aliposema, "Mdogo wangu, wewe ndiye mtaalamu, panga," sikusita. Bahari ni bahari, nikajiambia. Nitafundishwa nini kuhusu ufuo?

Kosa la kwanza nililifanya wiki hiyo hiyo. Nikatafuta bei mtandaoni nikaona Septemba nyumba zimeshuka karibu nusu. Kwetu msimu wa bei ya chini ni Aprili hadi Juni, wakati wa masika, na ubaya wake ni mvua tu. Mgeni akija Mei analowa, anakula, anarudi kwao na bei nzuri. Nikadhani na kule ni hivyo. Nikalipa arubuni ya dola 250 za Marekani kwa nyumba ya Septemba, arubuni isiyorudishwa, nikamtumia dada picha na maneno ya majigambo.

Dada akamwonyesha mwenzake wa wodini, mama mmoja ambaye wazazi wake wametoka visiwa vya huko Karibi. Yule mama akauliza swali moja tu: "Septemba? Na kimbunga je?"

Sisi wa Mombasa tuko nyuzi nne tu kusini ya ikweta, na vimbunga havipati nguvu karibu hivyo na ikweta. Hata kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipiga kisiwa cha Mafia kule Tanzania, huku kwetu kikaleta mawimbi na wasiwasi. Basi neno hilo halimo vichwani mwetu tunapopanga safari. Kule msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Barbados iko mashariki kabisa kuliko visiwa vyote vya Karibi, na vimbunga vingi hupita kaskazini yake, lakini haina kinga: tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini yake tu, na hata hivyo kikavunjavunja mashua za wavuvi Bridgetown, mji wake mkuu, kisha kikakisambaratisha kisiwa cha Carriacou kule Grenada. Ile bei ya Septemba haikuwa zawadi. Mwenye nyumba anajua anachouza.

Nikaomba arubuni irudi. Nikajibiwa kwa adabu kwamba masharti yalikuwa wazi. Yalikuwa wazi kweli, ni mimi sikuyasoma, mimi ambaye huwaonyesha wageni kwa kidole mstari wa nne wa masharti yetu. Shilingi kama 32,000 zikaenda hivyo. Jambo lingine nililojifunza wakati huo: bima ya safari ikinunuliwa baada ya kimbunga kupewa jina, hasara za kimbunga hicho kwa kawaida hailipi. Ukitaka kwenda msimu huo, nunua bima siku unayolipa tikiti, na uchague nyumba unayoweza kuifuta.

Tukahamia Mei 2025. Bei za juu huanza katikati ya Desemba na kuisha katikati ya Aprili, na Juni bado haijafika. Tena Mei hoteli yetu huwa tupu, ruhusa napata bila kumbembeleza mtu. Hapo nilipanga vizuri, nijisifu kidogo.

Halafu tikiti. Mkenya haitaji viza kuingia Barbados, na hilo ndilo lililonipumbaza. Nikafikiri kama ninakokwenda hawataki viza, basi nimemaliza. Lakini hakuna ndege ya kutoka Mombasa hadi Bridgetown, lazima upite kwa mtu. Ukipitia Marekani, hakuna kukaa ndani ya uwanja kusubiri ndege nyingine. Unaingia nchini mwao kama mgeni yeyote, na viza ni lazima. Ukipitia Uingereza, Mkenya anatakiwa awe na viza ya kupitia hata kama hatoki nje ya uwanja. Na mimi nilikuwa nimenunua tikiti mbili za kupitia London, shilingi 215,000 kila moja, nikiamini kwamba kusubiri saa saba uwanjani hakuhesabiwi kuwa ni kuingia nchi.

Kumbe hata hilo lilikuwa dogo. Dada alipoiona tikiti akapiga simu usiku. "Mmesoma vizuri? Mnatua Heathrow, mnaondokea Gatwick." Nilikuwa nimeona herufi LHR na LGW nikazipita tu, zote si London? Ni viwanja viwili tofauti, na kati yake ni safari ya basi ya zaidi ya saa moja barabara ikiwa wazi. Kwa hiyo lazima tupite Uhamiaji, tuchukue mizigo, tutoke nje. Ndiyo maana tikiti ilikuwa rahisi.

Kubadilisha tikiti kungegharimu zaidi ya kuomba viza, kwa hiyo tukaomba viza ya kawaida ya matembezi, ili wakati wa kurudi tulale siku mbili kwa dada. Pauni 115 kila mmoja wakati ule, zote mbili shilingi kama 37,000. Tukapanda SGR kwenda Nairobi kuchukuliwa alama za vidole, nauli 1,500 mtu mmoja kila upande, tukalala kwa shangazi Umoja. Barua za kazini, taarifa za benki za miezi sita, hati ya nyumba ya mume wangu, picha za harusi ambazo hakuna aliyeziomba. Pasipoti zikakaa wiki tatu. Wiki tatu hizo nilipunguza kula. Kila simu ikilia nilidhani ni wao. Mume wangu, ambaye kwa asili ni mtu wa utulivu, alianza kuniuliza kila asubuhi, "Wamesema nini?" kana kwamba mimi ndiye balozi. Zilipotoka zimegongwa viza, nililia kwenye matatu, nikajifanya ni vumbi.

Kadi ya homa ya manjano nayo ilitusumbua. Barbados wanaitaka kwa mtu anayetoka nchi kama yetu. Yangu ninayo tangu zamani, na siku hizi chanjo moja inatosha maisha. Ya mume wangu haikuonekana, tukapekua hadi ndani ya Kurani ya babake. Akachanjwa upya. Kadi inaanza kutambuliwa baada ya siku 10, naye alichanjwa siku 12 kabla ya safari. Angengoja Jumatatu ifuatayo, ningekwenda peke yangu.

Na fomu ya kuingia hujazwa mtandaoni, bure. Narudia, bure, kwa sababu kuna kurasa zinazofanana na ya serikali zinazokudai pesa, na mimi nilishafika hatua ya kuandika nambari ya kadi ndipo nikashtuka.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, ingawa halikuwa ghali zaidi. Nyumba.

Kwetu, ukitaka ufuo mzuri unaelekea mashariki. Diani inatazama mashariki. Unguja, Paje na Jambiani ziko mashariki. Miamba imejipanga mbele kama ukuta, mawimbi yanavunjikia huko nje, ndani maji yanatulia. Basi nilipoona nyumba Bathsheba, upande wa mashariki wa Barbados, juu ya kilima, mbele mawe makubwa ya matumbawe yamesimama majini kama watu wanaozungumza, nikasema hapa hapa. Siku kumi, dola 1,100, tugawane na dada na binti yake.

Tulifika usiku. Asubuhi nikatoka barazani na kanga yangu, nikaona bahari ambayo sijawahi kuiona. Nzuri, nisiseme uongo. Lakini imekasirika. Hakuna ukuta wa miamba mbele yake. Kutoka pale hadi Afrika ni Atlantiki tupu, na mawimbi yanakuja yametimia. Watu wanaokuja kuteleza na mbao wanalipenda eneo hilo mno. Kuogelea ni hatari, mkondo unakuvuta. Wenyeji hukaa kwenye vidimbwi vilivyoko katikati ya mawe, maji yakiwa magotini.

Na upepo! Kwetu tuna kusi na kaskazi, miezi fulani upepo unatoka huku, miezi fulani unageuka. Kule haugeuki. Mwaka mzima unatoka mashariki. Kwa hiyo upande wa mashariki unapigwa daima, na upande wa magharibi umetulia kama beseni. Hili lingechukua dakika tano kulisoma. Sikulisoma kwa sababu nilikuwa najua.

Siku ya pili ukaja mwani. Kahawia, mzito, rundo juu ya rundo hadi goti. Watu wa pwani tunaujua mwani. Wanawake wa Paje wanaulima na kuuza, na huku Diani wakati wa kusi mawimbi hututupia mwingine ufuoni, tunaufagia. Huu ni mwingine, unaitwa sargassum, unaelea baharini bila mizizi, na tangu 2011 umekuwa ukiingia Karibi kwa wingi wa kutisha, hasa kati ya machipuko na kiangazi cha Ulaya. Ukioza unatoa harufu ya yai viza. Usiku tulifunga madirisha, joto likatuua. Tukafungua, harufu ikatuua. Baada ya siku nne mkufu wa fedha wa dada ulikuwa mweusi kama umepakwa masizi.

Nikampigia mwenye nyumba. Akaniambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Ni hali ya bahari, hatuna uwezo nayo."

Nikanyamaza. Ni sentensi yangu. Nimeisema labda mara mia tano, kwa upole ule ule, huku nikitabasamu, nikiwa tayari nafikiria chakula cha mchana. Sikuwahi kujua inavyoingia masikioni mwa mtu ambaye ameweka akiba miezi kumi na minane na amesimama barazani amejiziba pua kwa kanga. Inaingia kama mlango unaofungwa.

Kwa bahati, ninajua pia kinachofanya kazi kwa mtu wa mapokezi. Kufoka hakufanyi kazi. Kutishia maoni mabaya hakufanyi kazi kama watu wanavyodhani. Nilimwandikia ujumbe mfupi: siku tulizokaa tunazilipa zote, zilizobaki sita tunaziachia leo mapema ili aweze kumpata mtu mwingine, naye aturudishie anachoweza. Alirudisha dola 440 kati ya 660. Hasara ya upande wetu na mume wangu ikawa dola 110. Tukahamia chumba na jiko dogo pwani ya kusini, karibu na mji wa wavuvi wa Oistins. Maji ya buluu, mchanga mweupe, hakuna mwani, na kelele za watu. Binti ya dada alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Gatwick.

Kule Oistins Ijumaa usiku kila mtu yuko: samaki wa kuchoma, muziki, wazee wanacheza dansi kwa utaratibu kama wako harusini. Nikaagiza chakula chao cha taifa, cou-cou na samaki wale wanaoruka. Sahani ilipofika mume wangu akainama kuitazama. "Huu ni ugali." Ni ugali kweli, wa unga wa mahindi, umesongwa na bamia ndani. Tukacheka hadi mama muuzaji akaja kuuliza kuna nini. Tulipomweleza akasema mababu zake walitoka huko kwetu, kisha akajirekebisha: upande mwingine wa huko kwetu. Akatuongeza kipande cha shelisheli la kuchoma. Nilikula kimya. Watu waliopelekwa pale kulima miwa hawakuwa na mpangaji wa safari, na sahani ile bado ilikuwa na kitu nilichokijua kwa ulimi.

Pesa. Dola ya Barbados imefungwa na ya Marekani, mbili kwa moja, na watu wanapokea zote. Hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu wote wanasema "dola". Dereva wa teksi wa uwanjani alisema 80, nikamhesabia 80 za Marekani. Akazitazama, akanirudishia nusu, akaniambia, "Binti, uliza kila mara dola gani." Teksi hazina mita, kwa hiyo elewaneni kabla ya kupanda. Baada ya hapo hatukupanda teksi tena ila siku ya kurudi. Kuna mabasi ya buluu ya serikali, ya njano ya watu binafsi, na vigari vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee vinavyoitwa ZR, ambavyo ni matatu yetu yaliyovuka bahari: muziki juu, dereva ana haraka, unaambiwa songa. Nauli ni dola 3.50 za kwao popote uendapo. Kituoni tazama kibao, kimeandikwa kwenda mjini au kutoka mjini. Tulisimama upande usio wetu nusu saa nzima.

Chakula ni ghali, mengi yanaagizwa kutoka nje, na mikahawani huongezwa asilimia kumi ya huduma. Tulipika wenyewe mchana, tukala nje jioni. Maji ya bomba yanakunywika, msinunue ya chupa. Umeme wao ni volti 115 na plagi za bapa mbili kama Marekani. Birika la dada la Uingereza lilichukua muda wa kufulia nguo nzima kuchemsha chai. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi ni kosa la jinai kwa raia, hata kofia, hata ya mtoto. Ya binti ya dada ilibaki sandukuni.

Na mti. Siku moja tulikwenda pwani ya magharibi, upande wa Holetown, mvua ikaja ghafla. Tukakimbilia chini ya mti wenye kivuli kizuri, matunda yake madogo ya kijani yameanguka mchangani kama matofaa. Mzee mmoja aliyekuwa mbali akaanza kupiga kelele na kupunga mikono yote miwili. Nikadhani anataka kutuuzia kitu, si unajua, mtu wa ufuoni. Nikamgeuzia mgongo kama wageni wanavyowageuzia vijana wetu wa Diani. Akaja mbio ndani ya mvua, akamshika mume wangu mkono akamvuta. Mti ule ni manchineel. Utomvu wake unababua ngozi, na mvua ikipita majanini inakudondoshea sumu hiyo. Tunda likiliwa ni hospitali. Miti mingine wameipiga mstari wa rangi nyekundu, huu ulikuwa nao, upande wa pili wa shina. Bega la mume wangu lilitoka malengelenge madogo yaliyokaa siku tatu. Yule mzee hakutaka hata soda.

Nikipiga hesabu, makosa yangu peke yake yametugharimu kama shilingi 89,000: arubuni ya Septemba, viza ambazo hazikuwa kwenye bajeti, safari ya Nairobi, nyumba ya Bathsheba. Inapita karo ya mwaka mzima ya shule ya bweni ya serikali. Dada anasema nisihesabu hivyo, kwa sababu bila Gatwick tusingelala kwake Birmingham. Labda. Ila ningeanza leo, ningelipa mwisho nilichokilipa kwanza: ningetazama miezi, kisha upepo unapiga upande gani, kisha njia na viza zake, na nyumba ingekuja mwisho.

Tuliporudi Likoni mama alikuwa na swali moja. Bahari ya huko ikoje? Nikamwambia ni safi, upande mmoja mkali, upande mwingine mpole, lakini kuna kitu kilichonishangaza: haikupwi. Huku kwetu maji ya bamvua yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, kule hata mita moja haifiki. Nilimuuliza mvuvi wa Oistins maji yanajaa saa ngapi, akanitazama kama nimemuuliza jua linatoka saa ngapi usiku.

Mama akaacha kumenya kitunguu.

"Haikupwi?"

"Kidogo tu, mama. Huwezi hata kujua."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Maskini. Sasa wanawake wa huko huchokoa wapi pweza?"